Insoli kwenye raba za kikapu: lini zinasaidia, na lini zinakuharibia kiatu kizima

Niweke insoli, ile soli ya ndani unayoinunua na kuiingiza kwenye kiatu, au niache? Hili swali haliishi kwa watu wanaocheza kikapu na majibu yake yanagongana vibaya, huyu anakuambia bila insoli magoti yako yataisha mapema, yule anasema ni kupoteza hela tu, wa tatu anakwambia aliweka insoli nene akateguka enka, yaani kifundo cha mguu, wiki hiyohiyo. Na kiukweli wote watatu wanaweza kuwa sahihi, manake kila mmoja anaongelea insoli tofauti, mguu tofauti na kiatu tofauti. Kuna anayetafuta ulaini, kuna anayetaka upinde wa wayo wake ushikiliwe, na kuna anayeumwa kisigino na anatafuta nafuu. Hayo ni mambo matatu yasiyofanana kabisa. Halafu kuna swali la nne ambalo karibu hakuna anayeliuliza: ndani ya hicho kiatu chako kuna nafasi ya kukaa hicho kitu? Kwa mpira wa kikapu mimi naona hilo la nne ndo linaamua mengi kuliko yote, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na kiatu chenyewe. Vuta ile soli ya ndani iliyokuja na raba yako uiangalie, mara nyingi ni kipande chembamba cha sponji, milimita chache tu, juu kimefunikwa kitambaa, na ukikibonya kwa vidole kinaisha saa hiyohiyo. Watu wengi wakiona hivyo wanashtuka, wanasema kumbe nimelipa hela yote ile kwa hiki? Lakini hicho kipande hakikuwekwa pale kukulinda na kishindo, kazi yake ni kuufanya mguu ukae vizuri, kunyonya jasho, na kufunika zile nyuzi zilizoshonwa chini yake. Kazi ya kishindo inafanywa na soli ya kati, ile nene iliyo kati ya mguu wako na mpira wa chini unaogusa sakafu, na huko ndiko kuna sponji ya EVA, au poliyurethani, au vifuko vya hewa, kila kampuni na vyake. Kwa hiyo ule ulaini unaousikia ukitua kutoka kwenye ribaundi, sehemu yake kubwa haitoki kwenye insoli.

Ila kuna viatu vichache ambavyo havifuati hiyo kanuni na ni muhimu uvijue kabla hujaanza kuvuta vitu. Mfano Nike Kobe 8, iliyotoka mwishoni mwa 2012, soli yake ya kati ndiyo hiyohiyo unayoivuta kwa mkono, inatoka nzima. Mtu akiitoa hiyo akaweka insoli ya kawaida amebaki karibu juu ya mpira mtupu. Kwa hiyo ukivuta ukaona kinachotoka ni kinene, kizito kidogo, kina umbo la kiatu kabisa, kirudishe, hiyo siyo insoli ya kubadilisha.

Sasa mguu. Wayo mmoja una mifupa 26 na viungo 33, na ule upinde wa katikati haukuumbwa usimame kama jiwe, umeumbwa ushuke kidogo unapokanyaga halafu urudi, na chini yake kuna utando mgumu unaotoka kisigino mpaka kwenye vidole unaovutika na kuachia kila hatua. Ukitembea, sakafu inausukuma mguu wako kwa nguvu inayozidi kidogo tu uzito wa mwili, ukikimbia inafika mara mbili hadi tatu, na ukitua kutoka juu inapanda zaidi ya hapo, tena mara nyingi unatua kwa mguu mmoja huku mwili unageukia upande mwingine. Hiyo ya kugeuka ndo inatofautisha kikapu na kukimbia barabarani. Ushauri mwingi wa insoli unaousikia umetoka kwa wakimbiaji, na mkimbiaji anaenda mbele tu, hakati kona kwenye difensi, hasimami ghafla, hatui juu ya mguu wa mtu mwingine.

Na hapo ndo tunarudi kwenye nafasi. Kiwandani kiatu kinajengwa kuzunguka umbo la mguu, na vipimo vya ndani vimeshahesabu unene wa ile insoli nyembamba. Ukiongeza milimita tatu au nne, mguu mzima unapanda juu. Kisigino kinatoka kidogo kwenye ile sehemu ngumu ya nyuma inayokikumbatia, shingo ya kiatu inakuwa fupi kuliko ilivyopangwa, vidole vinagusa paa, na juu ya mguu kamba zinakubana mpaka unaanza kusikia ganzi, ukizilegeza kidogo kisigino kinaanza kucheza. Ukikata upande, mguu uliokaa juu zaidi unapinduka kirahisi zaidi kuliko uliokaa chini karibu na sakafu, hiyo ni hesabu ya kawaida ya urefu na mzunguko. Enka ndiyo jeraha linaloongoza kwenye kikapu, na nyingi zinateguka kwa mtindo mmoja, wayo unapinduka kuingia ndani na zile kano za upande wa nje zinavutika au kuchanika. Kwa hiyo mtu anayejaza kiatu kwa vitu laini ili alinde magoti, anaweza kuwa anachukua kutoka kwenye enka bila kujua.

Ulaini wenyewe nao una gharama. Kuna utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2001, uliangalia wachezaji wa kikapu zaidi ya 10,000, na mambo matatu yalijitokeza kwa walioumia enka: waliowahi kuumia enka hapo nyuma walikuwa na hatari karibu mara tano, waliovaa viatu vyenye vifuko vya hewa kwenye kisigino mara 4.3, na wasionyoosha misuli kabla ya mchezo mara 2.6. Haukupima insoli, tusiuvute zaidi ya ulivyosema, na viatu vya leo siyo vya wakati ule. Lakini unaonyesha kwamba kisigino laini siyo zawadi ya bure. Simama kwa mguu mmoja juu ya godoro halafu usimame kwa mguu mmoja sakafuni, enka itakujibu yenyewe.

Haya, na ule ulaini unazuia majeraha kweli? Hapa kuna jibu zuri kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2017 jarida la British Journal of Sports Medicine lilichapisha mapitio yaliyokusanya majaribio ya pande zote mbili, upande mmoja insoli zenye umbo, zile zinazoushika wayo na upinde, upande mwingine insoli laini za kupunguza kishindo tu. Zile zenye umbo zilipunguza majeraha kwa jumla kwa asilimia 28, na zile nyufa za mifupa zinazokuja taratibu kwa kazi ya kurudiarudia zilipungua kwa asilimia 41. Zile laini za kishindo? Hazikuonyesha faida ya kuzuia majeraha. Nisome hayo kwa uangalifu lakini, manake wengi wa waliojaribiwa walikuwa wanajeshi wakiwa mafunzoni, watu wanaobeba mizigo na kutembea umbali mrefu, siyo wachezaji wa kikapu, kwa hiyo hizo asilimia usizichukue ukazibandika kwenye mguu wako. Ila mwelekeo wake unaeleweka, umbo lilifanya kazi na ulaini peke yake haukufanya.

Kwa nini ulaini haufanyi kazi kama tunavyotegemea? Sababu moja ni kwamba mwili haukai kimya. Ukiwekewa kitu laini chini, miguu yenyewe inajikaza zaidi wakati wa kutua, na ukikanyaga kigumu inalegea zaidi, ubongo unafanya hayo bila kukuuliza. Sababu nyingine ni ya kawaida tu, jeli au sponji ya milimita chache chini ya mtu mzima anayetua kwa mara kadhaa ya uzito wake inabonyea yote mara moja, baada ya hapo ni kama haipo. Raha ya dukani unapokanyaga taratibu ni kitu kimoja, robo ya nne ni kitu kingine.

Sasa nani anafaidika? Kwanza ni mtu mwenye maumivu ya chini ya kisigino, yale ya asubuhi ukishuka kitandani hatua za kwanza zinauma kama unakanyaga msumari halafu yanalegea ukishatembea kidogo, halafu yanarudi baada ya mchezo. Huo mara nyingi ni ule utando wa chini ya wayo umechoka. Insoli yenye umbo inaweza kukupunguzia mzigo kwa muda, huku ukifanya kazi yenyewe ya kuponya ambayo ni kuimarisha, na hapa simaanishi kunyoosha tu, namaanisha kupanda na kushuka kwa vidole ukiwa pembeni ya ngazi, taratibu, na taulo imekunjwa chini ya vidole. Na tafadhali usikimbilie za kutengenezewa kwa vipimo vyako peke yako ukidhani bei ndo dawa. Kuna jaribio lililochapishwa 2006 likiwa na watu 135 wenye maumivu hayo ya kisigino, wengine walipewa za kutengenezewa, wengine za tayari, wengine za uongo laini tu, na za tayari zilifanya vizuri sawa na za kutengenezewa. Faida yenyewe ilikuwa ya miezi ya mwanzo na ilikuwa ndogo, baada ya mwaka tofauti na zile za uongo haikuonekana tena. Za kutengenezewa zina watu wake, mtu ambaye umbo la mguu wake siyo la kawaida, aliyefanyiwa upasuaji, aliyepoteza hisia za miguu kwa kisukari, au aliyejaribu za tayari vizuri kabisa zikashindwa. Hao waende kwa mtaalamu, siyo kwa muuzaji.

Nyayo bapa ndo eneo ambalo watu wanatishwa sana. Unalowesha mguu, unakanyaga karatasi, alama inatoka yote bila upinde, basi mtu anaambiwa ana tatizo na asipoweka insoli goti litakufa. Hapana. Wayo bapa usiouma, unaojikunja ukisimama kwa vidole na upinde ukatokea, ni wayo tu kama nyayo nyingine, na kuna wachezaji wa viwango vya juu wenye nyayo za hivyo. Watoto wadogo karibu wote wana nyayo bapa, upinde unajengeka taratibu wanavyokua. Na zile mashine unazosimama juu zikakuonyesha rangi nyekundu na bluu zinapima mtu aliyesimama wima ametulia, haziwezi kukuambia mguu wako unafanya nini ukiwa umetoka kwenye leyapu na kutua kwa mguu mmoja. Wayo bapa unaouma, hasa upande wa ndani wa kifundo, au uliokuwa na upinde zamani na sasa umeanguka mguu mmoja tu, huo ni habari nyingine na unahitaji kuonwa na daktari.

Wenye upinde mrefu ndo mimi nawahofia zaidi, na ndo hawaongelewi. Mguu wa hivyo ni mgumu, haushuki sana ukitua, na uzito unakaa zaidi upande wa nje. Mtu huyu akiweka insoli yenye nundu kubwa ya upinde, ile nundu inamsukuma nje zaidi, kwa hiyo anaegemea ukingo wa nje wa wayo mchezo mzima. Mambo mawili yanamsubiri huko nje, moja ni enka kupinduka, pili ni ule mfupa mrefu wa upande wa kidole kidogo. Kevin Durant, nyota wa NBA, alivunjika hapo mguu wa kulia Oktoba 2014 na msimu wake ukaharibika, siyo kwa sababu ya insoli, namtaja ili ujue ni mfupa wa aina gani, ni sehemu isiyopata damu ya kutosha kwa hiyo inapona kwa uvivu na inapenda kurudi kuvunjika. Kama ukivaa insoli mpya unasikia unasukumwa nje, au kisigino cha kiatu kinalika zaidi upande wa nje kuliko zamani, itoe. Usiipe muda wa kuizoea, kusukumwa nje siyo kitu cha kuzoea.

Kuna kazi nyingine ndogondogo za insoli nitazipitia haraka. Kidole gumba kilichoumia kwa kukunjika sana, au kisichokunjika kwa sababu kiungo chake kimechakaa, kinaweza kusaidiwa na bamba jembamba la kaboni chini ya insoli linalozuia kiatu kukunjika mbele. Mtoto wa miaka kama 8 hadi 14 anayeumwa nyuma ya kisigino msimu wa kucheza sana anaweza kupata nafuu kwa kainuo kadogo ka kisigino pande zote mbili, pamoja na kupunguza michezo kidogo. Maumivu chini ya vidole yanasaidiwa na kakipande kanakowekwa nyuma ya sehemu inayouma, siyo juu yake, watu wanakosea sana hapo.

Na kama huumwi popote, kiatu kinakukaa vizuri, je? Acha kilivyo. Sababu moja tu nzuri naiona, kama ile ya kiwandani imelala kabisa au inateleza mpaka mguu unakimbia mbele ndani ya kiatu ukisimama ghafla, hapo badilisha kwa nyingine yenye unene uleule ila sponji bora na kitambaa kinachoshika soksi. Hayo ni matengenezo ya kawaida. Kitambaa kinachoteleza siyo jambo dogo, ndicho kinacholeta malengelenge na kucha nyeusi.

Ukishaamua kuweka, weka vizuri. Toa ile ya zamani kwanza, usirundike moja juu ya nyingine, nasisitiza hili manake ndo kosa linalofanywa na watu wengi kuliko yote. Kama ya kiwandani imegundishwa, ivute taratibu kuanzia kisigino, ikianza kuchana vitu acha. Tumia ile ya zamani kama kipimo, chora, kata mbele kwenye vidole tu, kidogo kidogo, sehemu ya kisigino na upinde usiiguse kabisa. Halafu vaa na soksi zako za mchezo, jioni ni bora kuliko asubuhi kwa sababu miguu huwa imevimba kidogo kama itakavyokuwa uwanjani, funga kamba kama unavyofunga siku ya mechi. Angalia kisigino kinapanda ukitembea? Vidole vinagusa juu? Nenda pembeni kushoto kulia kwa nguvu, simama kwa mguu mmoja, ruka utue. Nundu ya upinde ikae chini ya upinde wako kweli, siyo mbele yake wala nyuma yake, isikuchome. Ikikuchoma hapohapo dukani haitakuwa rafiki baadaye, na hapa sayansi inakubaliana na hisia zako, Benno Nigg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Calgary waliandika mwaka 2015 wakitoa hoja kwamba starehe ya mguu wenyewe inaweza kuwa kichujio kizuri cha kuchagua kiatu na hivyo kupunguza kuumia. Walikuwa wanaongelea viatu vya kukimbia, lakini mimi naichukua hiyo hoja kwa mikono miwili. Tembea nazo kwanza siku chache, kisha mazoezi ya kutupa, kisha mazoezi mepesi, mechi iwe mwisho. Uchovu kidogo wa misuli ya wayo ni kawaida, maumivu mapya kwenye goti au nyonga au ukingo wa nje siyo kawaida.

Na ukijua utavaa insoli zenye umbo, nunua kiatu ukiwa nazo mkononi. Usidanganyike kuongeza namba ya kiatu ili zienee, ukiongeza namba umeongeza zaidi urefu, wakati ulichokosa ni kimo, matokeo yake mguu unateleza mbele na nyuma na bado juu umebanwa. Tafuta kiatu chenye tumbo kubwa zaidi au toleo pana.

Vitu ambavyo insoli haiwezi kabisa: haifufui soli ya kati iliyokufa. Kama kiatu kimekunjamana pembeni, kimeegemea upande, na soli ya chini haishiki sakafu, hela ya insoli iweke kwenye kiatu kingine. Na kama hofu yako kubwa ni enka, hapo insoli siyo jibu. Watu walidhani pia kiatu kirefu ndo jibu, lakini jaribio la 1993 kwa wachezaji 622 wa vyuo halikupata tofauti kati ya viatu virefu na vifupi. Kilichofanya kazi ni kifunga enka cha kamba, kile kinachovaliwa kuishika enka isipinduke, jaribio la 2011 kwa wachezaji 1,460 wa sekondari nchini Marekani, waliovaa walipata majeraha ya enka karibu theluthi moja tu ya wasiovaa. Ongeza na mazoezi ya kusimama mguu mmoja, hasa kama umeshawahi kuteguka. Ukivaa kifunga enka ujue nacho kinakula nafasi kiatuni, kwa hiyo insoli nene na kifunga enka kwa pamoja mara nyingi haviingii, na nikiambiwa nichague kimoja kwa mtu aliyeteguka mara kwa mara nachagua kifunga enka bila kufikiri mara mbili.

La mwisho ni kuhusu maumivu ambayo hayatakiwi kuzibwa na jeli. Ukibonya mfupa kwa kidole kimoja ukapata nukta moja inayouma, juu ya wayo katikati au ukingo wa nje, na inauma zaidi kila ukicheza, na siku nyingine inauma hata umelala, acha kuruka uende ukaonwe. Yao Ming, yule mchezaji mrefu wa China aliyecheza NBA, alipata ufa wa aina hiyo mguu wa kushoto mwaka 2008, mwaka uliofuata mguu huohuo ukavunjika tena, na Julai 2011 akastaafu akiwa na miaka 30. Ufa wa hivi ukiwa mchanga unaweza usionekane kwenye X-ray ya kwanza, kwa hiyo picha ikitoka safi na nukta bado inauma, muulize daktari kuhusu MRI, kipimo cha picha kinachoona zaidi ya X-ray, kabla ya kurudi uwanjani.